Sweta la Mzee Bundala na Glavu za Kimia

Mjomba wangu Mafuru alisema sitauza hata pea moja. Alikuwa amekaa ufukweni Pasiansi, wavu mapajani, akiziba tundu lililochanwa na sangara mkubwa, na hakuinua kichwa.

"Glavu za sufu, mpwa wangu? Mwanza hii? Labda uwauzie mamba."

Mke wake akaongeza kwamba mwanaume anayeshinda na sindano hatapata mke. Fundi baiskeli wa jirani akasema kazi ya kukaa kitako namna ile itanivunja mgongo kabla ya mwaka kwisha. Wote walisema nikiwepo, na hakuna aliyepunguza sauti. Nawataja kwa sababu mke nilimpata, mgongo ninao mpaka leo, na glavu nimeuza kuliko samaki aliowahi kuvua mjomba. Hata hivyo, mwaka wa kwanza karibu wote watatu washinde.

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za karakana yetu ya Mkolani. Ninyi vijana mnaobaki mliniomba niandike mambo ya kazi hii, nami si mtu wa kuombwa mara mbili. Sitaandika nilivyopanda cheo, kwa kuwa katika karakana yangu cheo kilikuwa kimoja tu, nacho nilikikalia mwenyewe. Nitaandika jinsi nilivyoanza, ili siku nyingine mtu akiwaambia kwamba Magesa alizaliwa fundi, mjue la kumjibu.

Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya tisini na stashahada ya ufundi wa mitambo ya nguo, kutoka nchi moja ya baridi huko Ulaya ya mashariki. Kijijini kwetu Majita nilikuwa wa kwanza kupata kitu kama hicho. Niliitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika sebuleni kwa mjomba, mahali ambapo mgeni akikaa lazima aione. Mjomba alikuwa ameweka pale kalenda. Niliihamishia kalenda jikoni.

Nilitegemea kwamba kiwanda cha nguo kingenipokea kwa shangwe. Lakini miaka ile viwanda vilikuwa vinapunguza watu badala ya kuongeza, na mitumba ilikuwa imeshika kila kona ya soko. Niliacha barua za maombi kila penye geti, zikiwa na nakala ya stashahada. Mlinzi wa geti moja aliniuliza kama zile nakala ni za bure. Nikasema ndiyo. Akaomba mbili za kufungia karanga.

Kilichoniokoa hakikuwa ndani ya fremu. Kule ughaibuni nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Baridi ya kwanza nilipoteza glavu zangu, na pesa ya kununua nyingine sikuwa nayo. Yule mama alinionea huruma, akanipa sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili, akanifundisha kufuma glavu kwa mzunguko: vitanzi vinakaa kwenye sindano nne, ya tano ndiyo inayofanya kazi, na unazunguka kama mtu anayepanda ngazi za mnara, bila mshono wa pembeni. Akanifundisha pia kimia, yaani ufumaji wenye matundu yaliyopangwa yakatoa majani na maua. Nilipoondoka alinipa zile sindano na kitabu chake cha michoro. Maelezo yake yalikuwa kwa lugha ambayo Mwanza nzima niliisoma mimi peke yangu. Hilo nalo nililitangaza.

Basi nikaanza na nilichokijua. Nilifumua masweta yangu mawili ya ughaibuni, nikafuma pea sita za glavu za watu wazima, kimia kuanzia kifundoni mpaka ncha za vidole, nikaenda nazo sokoni Kirumba. Nilisimama pale nimevaa tai. Watu walizishika, wakazigeuza, wakaniuliza kama ni za kuoshea vyombo. Bibi mmoja alijaribu kuingiza mguu.

Mwisho nikapata mteja mmoja, kijana wa kupakia barafu na samaki kwenye malori. Nilimweleza uzuri wa sufu kwa muda mrefu, naye akanunua nadhani ili nimwache aende kazini. Kesho yake alirudi. Glavu zilikuwa zimekakamaa, magamba ya sangara yamejaa kwenye kila jani la kimia.

"Fundi," alisema, "hizi zinavuja."

"Ni mapambo hayo, ndugu yangu."

"Sawa. Basi mapambo yako yanavuja."

Nikamrudishia pesa yake. Pea sita zikarudi kuwa pea sita.

Aliyecheka siku ile kuliko wote ni Bi Zuhura. Alikuwa na genge la nyuzi na vifungo pembezoni mwa soko, na ukoo wake ulikuwa mjini tangu babu yake alipofika na msafara wa biashara, akaoa, akabaki. Alikuwa akifuma kofia na soksi za watoto kwa spoku za baiskeli. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akaniita nikae kwenye kreti la soda.

"Mwanangu, nipe nione." Akazivuta glavu zangu, akazitazama ndani kabla ya nje. Sijawahi kuona mtu akianzia ndani. "Mkono wako si mbaya. Akili yako ndiyo imebaki huko ulikotoka. Mwanza hii anayesikia baridi ni nani?"

"Watu wote asubuhi..."

"Mtoto mchanga. Basi. Hata jua liwake vipi, mtoto mchanga atavalishwa kofia, soksi na za mikono, na akikutwa hana, mkwe atasemwa. Fuma za mikono za watoto. Mimi macho yangu sasa yanataka soksi tu."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, kwenye kreti la soda, bila barua wala nakala.

Bi Zuhura hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na alinifundisha mambo ambayo stashahada yangu ilikuwa haijayasikia. Sindano zangu za chuma zilikuwa nene kwa kazi ya watoto, na kufikia hapo zilikuwa zimebaki nne, kwani mke wa mjomba aliona moja inafaa kuchomea mishikaki. Bi Zuhura alinipeleka kwa yule fundi baiskeli, aliyetuuzia spoku chakavu huku akinitazama mgongo. Tulizikata urefu wa shubiri, tukazinoa ncha kwenye jiwe mpaka zikawa butu kidogo, zisichome wala zisipasue uzi, kisha tukazipaka mshumaa. Spoku ya namna hiyo nimeitumia mpaka mwezi uliopita. Msicheke, vijana. Zile za plastiki mnazozipenda zinapinda jasho likizipata.

Alinifundisha pia kwamba kabla ya kuunga mzunguko wa kwanza lazima vitanzi vyote vitazame upande mmoja. Kimoja kikijipindua, utazunguka siku nzima na utapata kitu chenye umbo la nane. Nilipata vitatu vya namna hiyo. Alinionyesha kwamba unapohama kutoka sindano moja kwenda nyingine, kitanzi cha kwanza ukivute, la sivyo panabaki ufa kama ngazi. Na kwenye kimia alinikumbusha lile yule mama mjane alilolisema nami nikalipuuza: kila unapozungusha uzi kupata tundu, umeongeza kitanzi, kwa hiyo mahali fulani kwenye mzunguko uleule ufume viwili pamoja. Mimi nilikuwa naamini mkono wangu unajua hesabu wenyewe. Glavu yangu ya kwanza ya mtoto ilianza na vitanzi thelathini na viwili ikaisha na karibu hamsini. Bi Zuhura aliivalisha birika la chai.

Jambo moja tu tulikosana. Glavu ya mtoto mchanga haina vidole, hata gumba halina mahali pake. Ni kimfuko kinachofungwa kwa kamba kifundoni. Bi Zuhura alisema kimfuko kile lazima kiwe kimefungika kote.

"Kimia weka kwenye kifundo, ukitaka sana. Hapa juu, ziba."

Nikamfungulia kitabu. "Bi Zuhura, tazama mchoro. Jani linapanda mpaka nchani."

"Mkono wa nani huo?"

"Mkono ni mkono. Mimi nimepunguza vipimo. Hii ni hesabu, tumeisoma."

"Haya, Diploma," alisema, akarudi kwenye soksi yake. Tangu siku ile mtaa mzima ukaniita Diploma, nami kwa muda mrefu nilidhani ni sifa.

Sasa nilihitaji sufu. Sufu mpya ilikuwa dukani, mimi sikuwa na mtaji. Lakini kila nyumba ya Pasiansi na Mkolani ilikuwa na sweta moja zito la mitumba lililokaa kwenye sanduku kungoja baridi ya mwezi wa sita. Ule ulikuwa mwezi wa kwanza. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba kuazimwa masweta niyafumue. Kuazimana si kitu kigeni kwetu. Watu huazimana chumvi, jembe, hata mtoto wa kutuma dukani. Ila hakuna aliyewahi kuazima nguo ili aiharibu.

Nilitumia mdomo. Niliahidi kwamba kabla ya baridi kila mmoja atarudishiwa sweta, tena si la mitumba. Litakuwa limefumwa kwa mkono wa mtaalamu, zuri kuliko alilotoa. Kwenye nyumba ambazo maneno hayakutosha, niliwaalika waje waone stashahada. Akina mama kumi na saba walinipa. Bi Zuhura alitoa shali yake nyeupe bila kuombwa, akasema nikiiharibu atanifumua mimi. Na jirani yetu Mama Kabula akaniletea sweta nene la rangi ya majani ya muhogo, zuri kuliko yote.

Sikumuuliza ni la nani.

Kufumua kuna adabu yake. Unaanzia mahali mfumaji alipomalizia, unavuta polepole, unazungushia uzi mgongo wa kiti. Kisha unaufua, unautundika na jiwe chini ili unyooke usahau umbo la zamani. Nilifumua masweta kumi na nane na shali moja kwa majuma mawili. Uwanja wa mjomba ulijaa nyuzi zinazoning'inia, kuku wakapita chini yake wakiinama.

Siku ya mwisho ya kufumua, asubuhi, Mzee Bundala akaja. Alikuwa mume wa Mama Kabula, mlinzi wa ghala moja karibu na bandari, mtu wa Usukumani mwenye sauti ya chini na miguu mirefu. Alikuwa ametoka lindoni. Alisimama akitazama nyuzi za rangi ya majani ya muhogo zikichuruzika maji kwenye kamba.

"Hilo ni sweta langu," alisema.

"Lilikuwa, mzee. Shikamoo."

Hakuitikia. Alishika uzi, akaupima kwa vidole kama mtu anayempapasa mgonjwa. "Mama Kabula alikwambia nakwenda lindoni na nini?"

"Mwezi wa sita haujafika, mzee wangu. Utakuwa na jingine zuri zaidi."

"Sitaki zuri zaidi. Nataka sufu yangu hiihii. Ya mtu mwingine usinipe. Upepo wa ziwa alfajiri unanijua na sweta hili."

Nikaapa. Kuapa hakukuwa na gharama. Halafu nikaichukua sufu yake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nzuri, nikaifuma yote glavu za watoto.

Ziliuzika. Hapa nitajisifu kidogo, kisha mtaona wenyewe nilivyolipia. Akina mama walizigombania. Matundu ya majani yalionyesha ngozi ya mtoto kwa ndani, ikawa kama ua. Kanisani siku ya ubatizo ungeona watoto wanne, watano, wamevaa Magesa. Mjomba peke yake hakubadilika. Alichukua moja, akaitanua kwenye vidole vyake vya kufuma nyavu, akaiinua juani akaitazama.

"Mpwa, unajua hii ni nini? Ni wavu wa dagaa. Sijui unataka kukamata nini."

Nikamjibu kwamba uvuvi ni fani nyingine. Nikavuka kwa feri mpaka Sengerema, nikauza vijiji vitatu, nikarudi na mfuko mtupu. Wale akina mama kumi na wanane na Bi Zuhura niliwaambia waanze kunyoosha mabega, vipimo vinakuja.

Mwezi wa nne mtu mmoja aliyeshuka kwenye feri alinitafuta. Nesi wa zahanati moja ng'ambo, alisema, anamtaka yule fundi wa glavu, aje haraka. Nikajua ni oda. Zahanati nzima, pengine zahanati zote za wilaya. Nilivaa suti, nikafunga tai, nikachukua sampuli kumi. Naona aibu kuandika hili, lakini niliahidi ukweli: niliitoa stashahada kwenye fremu, nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Nesi alikuwa mwanamke mfupi, mikono imekunjwa mpaka viwikoni. Alinitazama tai.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, dada. Magesa, mwenye stashahada ya..."

"Njoo huku, kaka."

Kwenye kitanda alikaa binti wa miaka ishirini hivi, mtoto wa mwezi mmoja mapajani. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umefungwa bandeji nyembamba. Nesi alichukua kwenye sahani glavu moja ya rangi ya majani ya muhogo, imekatwa kwa mkasi katikati. Akaingiza ncha ya kidole chake kidogo kwenye tundu la jani.

"Unaona kidole changu hakipiti. Cha kwako hakitapita. Chake kilipita." Akaanza kuisokota ile glavu taratibu. "Akakizungusha, kama wanavyozungusha. Uzi ukafunga. Ulifunga kutwa na usiku. Kilipofika hapa kilikuwa cheusi kama zambarau."

 Binti ndiye aliyesema, bila kunitazama.

"Alikuwa analia. Nikamnyonyesha, akakataa. Nikasema ni tumbo. Mama mkwe akasema ni tumbo. Mikono hatukuitazama kwa sababu ilikuwa imevaa vizuri."

"Kidole...?" niliuliza.

"Kitabaki," nesi alisema. "Kimeanza kupata rangi tangu jana. Angechelewa siku moja zaidi, nisingekuita wewe, ningemwita mtu wa kukikata. Una mtoto, kaka?"

"Sina."

"Hukuona mtu wa kumuuliza?"

Nilikuwa naye. Alikuwa amekaa Kirumba anafuma soksi. Aliniambia ziba, nami nikamwonyesha kitabu. Ninyi mnaonijua leo mnafikiri kosa lilikuwa la matundu. Matundu hayakuwa na kosa. Mchoro ule ulikuwa wa mkono wa mtu mzima, na mimi nilipunguza glavu nikasahau kwamba tundu halikupungua. Uzi ulikuwa uleule wa masweta, na spoku nyembamba kidogo tu kuliko zile sindano. Mkono ulikuwa mdogo, tundu lilibaki kubwa. Hesabu hiyo hata mjomba aliiona kwa jicho.

"Umeuza ngapi?" nesi aliuliza.

Nikamwambia nyingi. Akanipa nusu moja ya glavu ile mkononi.

"Basi huna muda wa kukaa hapa."

Nilianzia palepale. Sampuli kumi zilibaki kwenye mfuko, nikapita vijiji vyote vitatu nikiwa na suti na vumbi, nikiomba glavu zirudishwe. Mnaweza kudhani ni rahisi. Mama mmoja alificha za mwanawe nyuma ya kanga.

"Ulinibembeleza ninunue, sasa unanibembeleza nirudishe?"

"Zina hatari, mama."

"Zinampendeza."

"Ndiyo. Ndiyo hatari yenyewe."

Nilimwonyesha ile iliyokatwa, nikamweleza kidole. Akazivua mwenyewe, kwa haraka, akanitupia. Niliyeweza kumrudishia pesa nilimrudishia; niliyeshindwa nilimwahidi pea nyingine salama, na ahadi zangu kufikia hapo zilikuwa nyingi kama nzi wa dagaa. Nilivuka feri mara saba. Nilirudi Pasiansi, Kirumba, Mkolani, mlango kwa mlango, kwenye nyumba zilezile zilizonipa masweta. Akina mama walielewa haraka. Glavu zinarudi, kwa hiyo masweta hayaji.

Bi Zuhura nilimwendea jioni ya siku ya kwanza. Nilimsimulia yote nimesimama. Aliweka soksi chini.

"Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Alhamdulillahi." Akanisogezea kreti. "Sasa kaa. Tuzibe."

Hakunisema hata neno moja. Afadhali angenisema.

Glavu tuliyoifuma jioni ile ndiyo mnayoifuma mpaka leo. Kimia kinakaa kwenye kifundo peke yake, chini ya kamba, mahali ambapo kidole hakifiki. Juu ya kamba vitanzi vimebana. Ikimalizika inageuzwa ndani nje, na kila uzi unaoning'inia unafichwa kwa sindano mara mbili. Kisha inakuja njiti ya kiberiti. Hiyo ni akili ya Bi Zuhura. Njiti ikipita mahali popote juu ya kamba, glavu inafumuliwa, hata kama mteja anasubiri mlangoni. Wengine wenu mmewahi kuninunia kwa ajili ya njiti hiyo. Endeleeni kununa, njiti ibaki.

Mwezi wa sita ulifika. Baridi ikaja na sweta halikuja hata moja. Mzee Bundala alianza kupita kila asubuhi akitoka lindoni, amejifunga shuka la kitanda lenye maua, kofia ya ulinzi juu.

"Diploma, sweta langu limefika wapi?"

Mara ya kwanza nilijaribu mzaha. "Liko Sengerema, mzee, kwenye mikono ya watoto."

"Basi wasalimie," alisema, akaenda zake akikohoa. Kikohozi kile nilikisikia mpaka anakata kona. Sikufanya mzaha tena.

Mjomba alinishauri ninunue masweta ya mitumba, niwagawie, kelele ziishe. Ulikuwa ushauri mzuri. Lakini nilikuwa nimetamka kwenye nyumba kumi na nane, mbele ya stashahada, kwamba yatafumwa kwa mkono na yatakuwa mazuri zaidi. Majivuno yale ndiyo yaliyoniingiza shimoni, na nakiri kwamba ndiyo yaliyonishikilia nisikimbie mji. Mchana nilifuma glavu mpya za kuuza ili nipate sufu, na wakati wote uliosalia nikafuma masweta. Mtu mmoja, masweta kumi na nane na shali, kwa spoku. Fundi baiskeli alikuwa akipita kuniuliza habari za mgongo.

Sweta la Mzee Bundala ndilo lililonitesa. Alitaka sufu yake, nami nilikuwa nimeitawanya ng'ambo na huku. Kila glavu ya rangi ya majani ya muhogo niliyoirudisha niliifumua, nikapata kipande cha uzi cha urefu wa uwanja mdogo, nikakiunga na kingine kwa fundo. Nyingine zilikuwa zimeoshwa zikafifia, nyingine zimetoboka. Mkono wa kulia ulipofika kiwikoni uzi ukaisha. Nilisubiri miezi mitatu kwa ajili ya nusu mkono, mpaka yule nesi alipozipata pea mbili za mwisho kliniki, akanitumia kwa mpiga makasia. Nusu ya ile iliyokatwa, aliyobaki nayo, hakunitumia wala sikuiomba. Alikuwa anawaonyesha nayo akina mama.

Baridi moja ilipita bila masweta. Ya pili ilikuwa haijaingia, mwezi wa tano mwishoni, Jumamosi, nilipowaita wote kwenye uwanja wa mjomba. Nilitandika mkeka, nikayapanga masweta, shali juu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Niliianza na safari yangu ya ughaibuni, na nilipofika kwenye theluji, Bi Zuhura alikuwa ameshainuka, ameichukua shali, anaitazama ndani.

"Safu ya nne umeruka kitanzi," alisema, akajitanda.

Hapo mkeka ulivamiwa. Akina mama walichukua kila mmoja lake, wakapimana, wakabadilishana rangi bila kuniuliza, wakacheka mikono mirefu ya mmoja. Mama mmoja aliniambia ni zuri kuliko la zamani, nikamwomba arudie, akakataa. Hotuba ilibaki kwenye theluji mpaka leo. Kufikia alasiri mkeka ulikuwa na sweta moja.

Mzee Bundala alikuja saa kumi na moja, akiwa njiani kwenda lindoni, shuka begani. Mama Kabula alikuwa nyuma yake, akinikonyeza nisiseme mengi. Nilimpa. Alilinusa kwanza. Halafu akaligeuza ndani nje, kama Bi Zuhura, na hapo mafundo yote yakaonekana, kutoka shingoni mpaka kwenye pindo, mengi kama vipele vya tetekuwanga. Akapitisha kiganja juu yake polepole.

"Haya yote ni nini?"

"Ni pale zilipoungana, mzee. Kila fundo ni glavu."

"Zote umezirudia?"

"Zote, ila ile iliyokatwa. Ni sufu yako tupu. Sijachanganya hata uzi wa mtu mwingine."

Akaendelea kulipapasa. Akachukua njiti ya kiberiti mfukoni mwake, sijui nani alimwambia, akaisukuma kifuani, mgongoni, kwapani. Haikupita. Akavua shuka, akampa mkewe, akalivaa sweta vilevile lilivyokuwa, limegeuzwa.

"Mzee, umelivaa ndani nje," nilimwambia. "Mafundo ni ya ndani."

"Ndani yatanikwaruza. Yakae nje, watu waone ulivyoteseka."

Akafunga vifungo kwa shida, kwa kuwa navyo vilikuwa upande usio wake, akaweka kofia, akashika rungu. Nilisimama getini kwa mjomba nikimtazama akipanda kuelekea barabara ya lami. Kila aliyekutana naye alisimamishwa, akageuziwa mgongo, akaelezwa kwa mkono mrefu unaonyooshwa nyuma kuelekea kwetu ni nani aliyelifuma.